Mvula ya Kwanza Katika Nyumba ya Mchunga Ng'ombe

Wandugu wa Dilolo, wa Kasaji na wa Mutshatsha, na ninyi wote mlio katika vijiji vya kando ya reli mpaka Kolwezi, hii ni habari ya nyumba ya mchunga ng'ombe, namna inavyoishi wakati mvula ya kwanza inapokuja. Mwenye kujua kusoma awasomee na wengine, hasa mama na wazee. Maana sehemu kubwa ya kazi hii ni ya mama, na akili nyingi za ng'ombe ni za wazee.

Watu wa Ulaya wana majira mane. Baridi yao ikiisha miti inachipua, nyasi zinaota, na ng'ombe wanatolewa katika nyumba walimofungwa miezi mingi. Kwetu hakuna theluji, lakini majira ya kuchipua tunayo, tena yanaanza kabla ya mvula. Tazama pori letu katika mwezi wa kenda. Jua ni kali, udongo umekauka kama tofali, mvula haijanyesha miezi mingi, na hata hivyo miti ya miombo inatoa majani mapya, mekundu kama shaba, kisha yanageuka kuwa ya kijani. Mti una mizizi mirefu, nao unatafuta maji chini sana. Nyasi hazina mizizi ya namna hiyo. Basi mtu akiona pori limependeza, asifikiri kwamba ng'ombe wameshiba. Juu ni majira ya kuchipua, chini ni njaa.

Na njaa hiyo inamkuta ng'ombe jike akiwa na mimba. Mimba ya ng'ombe ni karibu miezi kenda na nusu, yaani siku 280 na zaidi kidogo. Dume aliyeingia kwa majike katika mwezi wa kwanza, nyasi zilipokuwa nyingi, ndama wake atazaliwa katika mwezi wa kumi. Wenye shamba wenye busara wanapanga hivyo kwa kusudi, ili mama wa ndama apate nyasi mpya wakati anaponyonyesha. Lakini mvula ikichelewa majuma matatu tu, mambo yanaharibika: ndama amekwisha kuja, na nyasi hazijaja.

Kabla sijaendelea niseme neno la zamani, kwa sababu vijana wengi wanafikiri kwamba ng'ombe ni kazi ya watu wa Rwanda ao ya Wazungu, si yetu. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na gari la moshi likafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Watu waliochimba shaba walitaka kula nyama, na nyama hiyo ilitoka mbali. Ng'ombe waliletwa kutoka Rhodesia, na wengi walikuwa ng'ombe wa Walozi, walioswagwa kwa miguu njia ndefu. Mwaka 1915 homa ya mapafu ya ng'ombe ikatoka Angola, ikaingia Bulozi, na biashara ya ng'ombe ikafungwa. Kisha, katika miaka ya 1920, makampuni yakaanza kufuga katika Katanga yenyewe, kama vile Grelka katika nchi ya juu ya Biano. Reli ya kutoka Lobito ikafika mpaka wa Dilolo mwaka 1929, na mwaka 1931 ikaungana na reli ya Katanga. Katika mashamba yale ya ng'ombe, wachunga wengi na makapita walikuwa wenyeji, na wana wao walikua kati ya ndama. Kazi hii basi ni yetu toka siku za babu zetu.

Leo nyama nyingi inayoliwa Kolwezi inatoka nchi nyingine, imegandishwa katika masanduku. Mtu wa mgodini analipa feza nyingi kwa nyama iliyosafiri majuma mengi, na huku nyuma ya kijiji chake kuna mabonde ya nyasi yasiyo na mnyama.

Sasa tuje nyumbani kwa mchunga.

Nasema habari ya nyumba moja kwa mfano, lakini mtaona ni kama nyumba nyingi. Baba ni mchunga katika shamba la ng'ombe. Mama ana bustani na kuku. Bibi, mama yake baba, anakaa nao. Watoto ni watano: mkubwa ni mvulana wa miaka kumi na mitatu, mdogo bado ananyonya. Ng'ombe wa mwenye shamba ni wengi, na kati yao mchunga amepewa ruhusa ya kuwa na wanne wake mwenyewe.

Jua halijatoka bado, baba anakwenda zizini. Kazi yake ya kwanza si kukamua, ni kutazama. Anatembea polepole kati ya ng'ombe, anawaangalia mmoja mmoja: nani amelala hataki kuinuka, nani hacheui, nani masikio yake yameanguka, nani amejitenga peke yake. Jike anayejitenga katika mwezi wa kumi labda anataka kuzaa. Mchunga mwema anajua ng'ombe wake kwa majina, na ng'ombe akiwa mgonjwa anamjua kabla hajaanguka. Ile robo ya saa ya asubuhi ina faida kuliko dawa nyingi.

Jike akizaa, ndama anyonye mara moja. Nasema mara moja, katika saa ya kwanza ao ya pili, isipite saa ya sita. Maziwa ya kwanza ni manene na ya manjano. Watu wa pwani wanayaita dang'a. Katika vijiji vingine watu wanayakamua na kuyatupa chini, wakisema ni machafu. Hayo si machafu hata kidogo. Ndama anazaliwa bila nguvu ya kushindana na magonjwa, wala mama yake hampi nguvu hiyo tumboni. Anampa katika maziwa hayo tu. Na matumbo ya ndama yanaweza kupokea nguvu hiyo siku ya kwanza peke yake. Kesho yake mlango umekwisha kufungwa. Ndama aliyekosa dang'a ataishi siku chache, kisha ataharisha na kufa, na watu watatafuta mchawi. Tena kitovu chake kipakwe dawa ya iodi, maana ni mlango mwingine wa ugonjwa. Mama wengi wanajua jambo hili kwa watoto wao wenyewe: mkunga wa hospitali anawaambia vilevile, mtoto anyonye maziwa ya kwanza, na kitovu kiwe safi.

Baada ya siku tano maziwa yamekuwa meupe, na sasa linakuja shauri kubwa la nyumba. Maziwa ni ya nani?

Tufanye hesabu. Ndama wa kilo 25 anataka maziwa kadiri ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake kila siku, yaani lita mbili na nusu. Jike wa kienyeji aliyetoka katika njaa ya kiangazi, tuseme anatoa lita tatu. Basi inabaki nusu lita. Mchunga mwenye jike mmoja anayenyonyesha, anayekamua lita mbili kwa siku, anamwachia ndama lita moja tu. Ndama huyo hafi leo. Anabaki mdogo, tumbo kubwa, manywele yamesimama. Ikija baridi ya mwezi wa sita anakufa, ao anaishi na kuzaa akiwa na miaka mitano mahali pa mitatu. Baba amekunywa maziwa ya miezi mitatu na kupoteza ng'ombe mzima.

Lakini mtoto naye? Mwezi wa kumi na wa kumi na moja ni miezi ya gala tupu. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha, mapya ndiyo kwanza yanapandwa, na watoto wanakula bukari ya muhogo na sombe siku zote. Muhogo unajaza tumbo lakini haujengi mwili. Mtoto wa miaka miwili aliyeachishwa kunyonya kwa sababu mama ana mimba nyingine, huyo ndiye anayevimba miguu na kubadilika rangi ya nywele. Kikombe kimoja cha maziwa kila siku kingemsaidia sana. Sipendi kusikia watu wakisema, ndama kwanza, mtoto baadaye. Wala sipendi kusikia baba akisema maziwa ni ya wageni wake.

Shauri ni hili. Chuchu za ng'ombe ni nne. Katika miezi miwili ya kwanza, kamua chuchu moja tu, asubuhi, na nyingine tatu ni za ndama. Baadaye, nyasi zikiwa nyingi na ndama akianza kula, kamua mbili. Jioni usikamue. Katika nyumba ya mfano wetu ng'ombe wane hawazai pamoja. Mwaka huu wamezaa wawili. Chuchu moja kwa kila mmoja, nyumba inapata kama lita moja na nusu. Hayo hayatoshi watu wanane. Basi yasigawanywe kwa watu wanane. Kwanza wapewe walioachishwa kunyonya na wale wenye miaka chini ya mitano, kisha mama mwenye kunyonyesha. Anayenyonya bado, kama hajatimiza miezi sita, asipewe maziwa ya ng'ombe hata kidogo. Yake ni ya mama yake. Baba anywe ndama watakapokua.

Na maziwa yachemshwe. Hapa nabishana na wazee kila mwaka. Wanasema maziwa mabichi yana nguvu, na babu zao walikunywa. Ni kweli walikunywa, na wengine walikaa na homa isiyokwisha, maumivu ya viungo na ya kiuno miaka mingi, na hawakujua sababu. Kuna ugonjwa wa ng'ombe unaowafanya kutupa mimba, na unapita katika maziwa mabichi mpaka kwa mtu. Kifua kikuu nacho kinapita hivyo. Chemsha mpaka maziwa yapande katika sufuria, yateremshe, yafunike. Mwenye kupenda maziwa ya kuganda achemshe kwanza, yapoe, kisha atie kidogo ya yale yaliyoganda jana. Utamu ni uleule. Tena jike akitupa mimba, mama na watoto wasishike kile kitu kwa mikono mitupu. Vaeni mifuko ya plastiki mikononi, mkizike mbali na mbwa, na mkamwambie mganga wa wanyama.

Saa ya shule inafika. Mwaka wa shule unaanza mwezi wa kenda, na ndama wanazaliwa mwezi wa kumi. Mambo mawili yanagongana juu ya kichwa cha mtoto yuleyule. Ndama hawawezi kufuata kundi kubwa mbali. Lazima mtu awalinde karibu na nyumba. Basi baba anamwambia mvulana wa miaka kumi na mitatu: wewe kaa, shule utarudi mwezi wa pili. Mwezi wa pili mtoto hajui tena hesabu wanayofundisha, anaona haya mbele ya wadogo, anatoroka. Na sote tunajua mvulana aliyetoroka shule anakwenda wapi katika nchi yetu. Anakwenda kuokota na kuosha mawe, anabeba mfuko mzito kuliko yeye, anaingia shimo lisilo na nguzo. Mvua ya kwanza inapolowesha udongo, mashimo yanaanguka. Sheria inakataza mtoto chini ya miaka kumi na minane kufanya kazi ya mgodi. Lakini sheria haimkuti mtoto. Njaa ndiyo inamkuta kwanza.

Dawa ya shida hii si ya feza nyingi. Jengeni lupango la ndama karibu na nyumba, kwa miti na matawi ya miiba, lenye kivuli na nyasi ndani. Pima hatua arobaini kwa arobaini kwa ndama wachache. Mkate nyasi jioni, ndama wakae ndani mchana, bibi awatazame akiwa barazani. Mvulana aende shule. Atakaporudi saa nane atawatoa kula mpaka jua lichwe. Nimeona nyumba zilizofanya hivi, na ndama zao wananenepa kuliko wale wanaochungwa na mtoto mwenye usingizi, kwa sababu hawachoki kwa jua wala hawapati kupe wengi.

Habari ya kupe. Kiangazi kupe wazima wamejificha. Mvula ikilowesha nyasi mara mbili tatu, wanapanda juu ya majani na kungoja, miguu ya mbele imenyooshwa. Kupe wa kahawia anapenda ndani ya sikio; wengine wanapenda chini ya mkia, kwenye kiwele na katika mapaja. Wanaleta homa za namna nyingi: ng'ombe anakojoa mkojo mwekundu, ao anakuwa wa manjano machoni na kukonda, ao tezi za shingo zinavimba na anahema kwa shida. Kwa hiyo toka mvula ya kwanza, ng'ombe wanyunyizwe dawa kila juma, wala si kila mwezi kama wakati wa baridi. Zamani dawa ya kisima cha kuogesha ng'ombe ilikuwa ya arseniki, sumu kali iliyoua hata ng'ombe waliokunywa maji yake. Dawa za leo si za namna ile, lakini ni sumu vilevile. Pimeni maji na dawa kama karatasi ya chupa inavyosema. Anayezidisha maji anawafundisha kupe kuizoea dawa. Mtoto asishike bomba. Na chupa ao kopo tupu la dawa litobolewe na kuzikwa. Najua katika vijiji vya kando ya migodi kila kopo linapata kazi, la maji, la mafuta, la pombe. Hili lisipate kazi yoyote.

Jioni watoto wanaweza kung'oa kupe kwa mkono katika masikio ya ndama, na kuwatupa motoni. Kazi hiyo wanaipenda. Wakimaliza wajitazame wao wenyewe, nyuma ya magoti na kiunoni, maana kupe hachagui.

Mama kwa siku hizi hana mapumziko. Kabla ya mvula alitoa samadi zizini, akaitandaza bustanini, akaifunika kwa jembe. Samadi ya mwaka uliopita ni njema. Ile mbichi inaunguza mbegu. Mvula ikishika, anapanda mahindi na maharagwe siku hiyohiyo, maana kila juma analochelewa linapunguza mavuno. Na kuna zawadi za majira haya: kumbikumbi wanaoruka jioni baada ya mvua kubwa, uyoga chini ya miombo, na kuanzia mwezi wa kumi na moja, viwavi juu ya miti. Vyote hivi vinajenga mwili kama nyama. Ila msikate mti ili kufikia viwavi. Mwaka ujao viwavi watakaa wapi?

Sasa nafika katika jambo lililo gumu kuliko yote, na naomba msomaji asome polepole.

Siku moja, baada ya mvula ya kwanza ao ya pili, baba anafika zizini asubuhi na kukuta ng'ombe amekufa. Jana jioni alikula vizuri. Tumbo limevimba upesi, miguu imesimama, mwili haukukakamaa kama mzoga mwingine, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani ao nyuma. Ng'ombe huyo ni mnene. Gala ni tupu. Watoto wamekula sombe mwezi mzima. Majirani wamesikia, wanakuja na visu na mabeseni. Mtu mmoja ana pikipiki, anasema atanunua mapaja mawili sasa hivi kwa feza mkononi, ayapeleke kwenye machimbo, huko hakuna anayeuliza.

Ng'ombe huyo asipasuliwe. Ugonjwa huu unaitwa kimeta; wengine kwetu wanauita sharboni, kwa neno la Kifaransa. Kijidudu chake kikikutana na hewa kinajivika ganda gumu, na katika ganda hilo kinalala udongoni miaka makumi. Mvula ya kwanza baada ya kiangazi kirefu inakifunua na kukikusanya mabondeni, na ng'ombe wenye njaa wanakula nyasi fupi mpya pamoja na mchanga. Ndiyo sababu ugonjwa unatokea katika majira haya. Mzoga usiofunguliwa, vijidudu vingi vinakufa ndani yake kwa kuoza. Mzoga uliopasuliwa, damu inamwagika, na vijidudu vinavaa maganda. Basi kisu cha kwanza kinapanda ugonjwa katika zizi lile kwa wakati wa wajukuu.

Na mtu? Anayepasua na kubeba anapata kidonda mkononi ao shingoni: kwanza kama kuumwa na mdudu, kisha lengelenge, kisha katikati panakuwa peusi kama kaa la moto lililozimika. Hakiumi, na ndiyo maana mtu anakidharau. Anayekula anaweza kupata ugonjwa wa tumbo, na huo unaua upesi. Wengine wanasema, tutapika sana. Lakini maganda ya kimeta yanavumilia moto kuliko vijidudu vingine, na tena anayepika amekwisha kushika nyama mbichi, na mtoto amekwisha kucheza na ngozi. Mwenye kidonda cha namna hiyo akimbie hospitali siku ileile. Dawa iko, tena ni dawa ya kawaida, ikiwahi.

Fanyeni hivi. Fukuzeni mbwa na kuku. Zibeni pua na nyuma ya mzoga kwa nguo iliyotiwa dawa ya kuua vijidudu, bila kugusa kwa mkono mtupu. Msimburute mbali, mzikeni ao mchomeni pale alipoanguka. Shimo liwe la mita mbili, juu yake udongo, kisha miiba. Wote waliobaki wahamishwe malisho, na mganga wa wanyama aitwe.

Najua ni vigumu. Baba anayesimama mbele ya majirani wenye njaa na kusema hapana, anaonekana mchoyo ao mwenda wazimu. Kwa hiyo asisimame peke yake. Amwite chifu na mwalimu kabla watu hawajawa wengi, na shimo lianze kuchimbwa mara moja. Watu wakiona majembe yanafanya kazi, maneno yanapungua. Na jambo bora ni kuchanja. Chanjo inayotumika mpaka leo ilitengenezwa na mganga Max Sterne huko Afrika Kusini katika miaka ya 1930. Ichomwe kila mwaka, mwezi wa saba ao wa nane, kabla ya mvula, wala si baada ya ng'ombe wa kwanza kufa. Bei ya kumchanja ng'ombe mmoja ni ndogo sana mbele ya bei ya ng'ombe huyo.

Kuna kifo kingine cha majira haya kinachofanana na uchawi. Udongo wetu wa mchanga ni maskini, na nyasi zake hazina dawa inayojenga mifupa. Ng'ombe anaitafuta, na akikuta mfupa wa zamani porini anautafuna. Mfupa huo ukiwa na uozo, una sumu. Ng'ombe anatembea kama mlevi, analala, ulimi unaning'inia, hawezi kumeza, anakufa. Mganga Arnold Theiler wa Afrika Kusini alionyesha sababu yake zamani, karibu na mwaka 1920. Okoteni mifupa yote ya malishoni, ichomeni mpaka iwe nyeupe, iponde, ichanganye na chumvi nusu kwa nusu, na iwekeni penye kivuli ng'ombe walambe.

Radi nayo. Nchi yetu ina radi nyingi, na mchunga yuko porini mvua inapopiga. Ukisikia ngurumo, radi imekwisha kukufikia, usingoje kuona. Usisimame chini ya mti mrefu ulio peke yake, usishike waya wa ua wa shamba, toka katika maji. Waya unapeleka moto wa radi mbali, na ng'ombe waliojipanga kando yake wanakufa pamoja. Wakifa hivyo msimtafute jirani. Waulizeni waya.

Nimalize na maneno ya wenye feza. Watu wengi wanaofanya kazi migodini sasa wananunua ng'ombe wawili watatu na kuwaacha kwa ndugu kijijini. Ni shauri jema, feza haiishi katika pombe. Lakini linazaa magomvi mengi kuliko mahari. Ndugu wa mjini anakuja baada ya miaka mitatu, anahesabu, anauliza wengine wako wapi. Ndugu wa kijijini anasema wamekufa. Ni nani aliyeona?

Patanani toka mwanzo. Namna moja inayofaa ni hii: maziwa ni ya mchunga, kwa kipimo nilichosema cha chuchu, ndama wa kwanza, wa pili na wa tatu ni wa mwenye ng'ombe, wa nne ni wa mchunga, dawa na chanjo analipa mwenye ng'ombe, na feza hiyo aitume mwezi wa saba, si mwezi wa kumi na mbili. Ng'ombe wa kununua awe na karatasi ya mganga wa wanyama. Yule aliyevushwa mpaka usiku kutoka Angola kwa bei ndogo, labda ameleta homa ya mapafu pamoja naye, kama mwaka 1915. Andikeni katika daftari rangi ya kila ng'ombe, pembe zake, siku aliyozaa, siku aliyochanjwa, na akifa, andikeni siku na majina ya watu wawili waliomwona. Madaftari yawe mawili, moja mjini, moja kijijini, na lile la kijijini lifungwe katika mfuko wa plastiki na kutundikwa juu, mbali na mchwa na mbali na paa linalovuja.